Teke Hili Lilitoka Wapi

Mateke yote nilikuwa nimeshapiga na mbao nimevunja, katika mtihani wa taekwondo, mchezo wa mapigano wa Kikorea, pale katika ukumbi wa Nyeri. Lilibaki swali la mdomo tu, nifungwe mkanda mweusi. Mwaka ule wa 1979 sikumjua mwanamke mwingine huku kwetu mlimani aliyekuwa nao, nami nilikuwa nimeutolea jasho miaka mitano. Niliutaka, nisiwafiche.

Mtahini alikuwa Sajini Kioko, polisi wa kutoka Machakos, ndiye pia aliyenifundisha. Akauliza lile swali ambalo watu hulijibu kama katekisimu: "Taekwondo iko na miaka ngapi?"

Jibu alilotaka ni elfu mbili. Wenzangu wote walishalitoa, wakapigiwa makofi.

Sasa, mimi ni mwalimu wa historia Karatina. Tena kabla ya kumjua Kioko nilijifunza karate Nairobi kwa Mjapani mmoja, na mfuatano wa kwanza wa mapigo alionifundisha Kioko ulikuwa uleule wa Mjapani, hatua kwa hatua. Nilikuwa nimetafuta vitabu, nikasoma.

"Hiyo jina ilipatikana 1955, Afande," nikasema. "Na wengi wa wale walianzisha shule za kwanza walisomea karate Japani. Wajapani nao waliitoa Okinawa. Miaka elfu mbili ni hadithi."

Watu wakaguna. Kioko akanisogelea.

"Madam Murugi, Mjapani alitawala hao Wakorea, akawakataza hata lugha yao. Na wewe unataka kumpatia heshima? Kwa makaburi yao ya zamani kuna picha ya watu wakipigana!"

"Hata hapa watu walikuwa wanapigana zamani. Hiyo haifanyi iwe taekwondo."

"Kwa hivyo wao hawana kitu yao?"

Hapo nilipandwa na hasira. Mtu asinifundishe uchungu wa kutawaliwa, mimi niliyezaliwa Nyeri.

"Baba yangu alifunzwa bunduki na Mzungu, Afande, kwa vita ya Burma. Akarudi, akaingia msitu na hiyo masomo, akampiga Mzungu nayo. Nani hapa anasema ati bunduki ilianza na Gikuyu? Na nani atasema ile vita haikuwa yetu?"

Wazee wawili kwenye benchi la nyuma walicheka kwa sauti. Kioko hakucheka. Alishika mkanda mbele ya macho yangu, mpya, bado una mikunjo ya dukani.

"Sema elfu mbili. Ni maneno mbili tu, nikufunge."

Nilitamani kulia.

"Sisemi."

Akaukunja, akautia mfukoni. Nikamwinamia, maana adabu ni adabu, nikaenda zangu.

Jumamosi iliyofuata nilifungua darasa langu Karatina, katika ukumbi wa kanisa, kiunoni mkanda wangu uleule wa kahawia, ulio chini ya mweusi. Kabla ya kupiga teke lolote, wanafunzi wangu hutaja lilikotoka: Okinawa, Japani, Korea, Sajini Kioko, Murugi. Mmoja wao, muuza viazi, akidhani ananifurahisha, aliliruka jina la Kioko. Nilimtoa nje.