Machipukizi ya Mtama

Karatasi ya kupimia sumu ilianza kubadilika rangi kabla mtafiti hajamaliza kunawa mikono. Alikuwa ameiacha ikiwa ya njano, inaning'inia ndani ya kichupa chenye majani ya mtama yaliyopondwa, mezani karibu na dirisha la maabara. Alipogeuka na taulo mkononi, ncha yake ilikuwa imeshakuwa ya machungwa. Akasogea karibu. Rangi iliendelea kupanda huku anaitazama, mpaka karatasi nzima ikawa nyekundu kama tofali.

Majani yale hayakupaswa kutoa sumu hata chembe. Ndivyo alivyomwambia kaka yake, mfugaji, aliyepita asubuhi hiyohiyo na mkokoteni. Kiangazi kilikuwa kimemmalizia malisho, na visiki vya mtama katika shamba la utafiti vilikuwa vimechipua upya, vibichi vya kuvutia. Kaka aliuliza mara mbili kama ni salama. Naye akamjibu, kwa fahari kidogo, kwamba huo ndio mtama wake, aliouzalisha mwenyewe usiwe na sumu, apakie bila wasiwasi. Kisha akachukua konzi moja akapime kwa mazoea tu.

Mtama wa kawaida una ujanja wake, maana mmea hauwezi kumkimbia anayeutafuna. Ndani ya jani huweka aina ya sukari iliyofungamana na sumu, na pembeni, mbali nayo, huweka kimeng'enya cha kuifungua. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Mnyama akitafuna, kuta zinabomoka, kimeng'enya kinaifikia ile sukari, na sumu hiyo, sianidi, inatoka. Lakini ili kuitengeneza sukari hiyo mmea unahitaji vimeng'enya vingine, vinavyofanya kazi kwa kupokezana kama mafundi kwenye jengo. Katika mtama wake, fundi wa kwanza alikuwa amekosekana, au ndivyo alivyoamini. Kila alipopima majani yaliyokomaa, karatasi ilibaki ya njano.

Machipukizi hakuwahi kuyapima.

Akaelewa palepale. Fundi hakuwa amekosekana. Alikuwa anaacha kazi mmea ukikomaa, lakini mmea ukiwa mchanga anajenga kama kawaida, na ukame unamhimiza.

Simu ya kaka iliita mpaka ikakatika. Akampigia mke wa kaka.

"Wifi, majani aliyoleta kaka, yako wapi?"

"Yako horini. Wanakula hapa, wanayafurahia kweli."

"Yatoe yote. Usiniulize, wifi, kimbia."

Alisikia ndoo ikianguka, miguu ikikimbia, na sauti ya kaka kwa mbali akiuliza kuna nini. Hakungoja zaidi. Kwa bahati, daktari wa mifugo alikuwa kwenye ofisi yake upande wa pili wa barabara. Mtafiti alimweleza huku anahema, na daktari akabeba mkoba bila kufunga mlango. Garini alikagua chupa zake, akasema dawa ya kuipinga sumu hiyo haitoshi zaidi ya ng'ombe mmoja.

Walikuta hori limepinduliwa na wifi amesimama juu ya rundo la majani, fagio mkononi, kama askari. Ng'ombe mkubwa, waliyemwita Bi Mkubwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kula kabla yake, alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, anavuta pumzi kwa nguvu kana kwamba hewa imekwisha duniani. Hewa ilikuwepo. Fizi zake zilikuwa nyekundu ajabu, maana damu ilibeba hewa ambayo mwili haukuweza tena kuitumia. Nyuma yake mtamba, bintiye, mwenye mimba, aliyumba, akapiga magoti.

"Nichagulieni," daktari alisema, tayari anapapasa shingo ya mtamba kutafuta mshipa. "Na upesi."

Kaka alimgeukia dada yake. Yule Bi Mkubwa ndiye aliyewalea watoto wa kaka kwa maziwa. Kila mtu pale alilijua hilo.

"Wewe ndiye unayeijua sumu hii," alisema. "Nani atapona?"

Mtafiti angetoa chochote ili swali hilo aulizwe mtu mwingine. Lakini Bi Mkubwa alikuwa amewasukuma wenzake kando na kula sehemu kubwa, kama kawaida yake.

"Mtamba," alisema.

Kaka hakubisha. Alikwenda kukaa chini, akakipakata kichwa cha Bi Mkubwa, akamziba macho kwa kiganja wakati daktari anamdunga yule mwingine. Pumzi zile nzito zikaanza kuachana, kisha zikakoma. Wifi akageukia ukuta. Mtamba aliendelea kutetemeka muda mrefu, hata daktari akaanza kuuma midomo. Mwishowe mtamba akanyoosha mguu wa mbele, akateleza, akajaribu tena, akasimama.

Daktari alikataza nyama isiguswe, ikabidi wachimbe shimo nyuma ya banda. Majirani walisaidia. Mtafiti alishika jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kaka hakumwambia apumzike. Shimo lilipofika magotini ndipo kaka alipozungumza, bila kumwangalia.

"Siku nyingine usiniambie kitu ni salama, mdogo wangu. Niambie umepima nini, na nini hujapima. Mimi nitaamua mwenyewe."

"Sawa, kaka."

Mbegu za mtama ule zilikuwa zimeshafungwa magunia stoo, zigawiwe kwa wafugaji mvua zikianza. Akatoka shimoni, akampigia mkuu wa kituo, akamwambia zizuiliwe. Mkuu alikumbusha kwamba wageni wa sherehe ya kugawa mbegu wameshaalikwa, kwamba labda ni shamba moja tu lililoharibika, kwamba wangeweza kutoa onyo la kutolisha machipukizi. Mtafiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu aliniuliza mara mbili," alisema. "Wafugaji wengine hawatakuwa na wa kumuuliza. Mbegu hazitoki."

Mkuu akasema waonane ofisini. Mtafiti alijua kikao hicho hakitakuwa chepesi. Alipogeuka, kaka alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, amesikia yote. Alimnyooshea mkono kumshusha, na wakaendelea kuchimba.