Siku Tisa za Ruhusa

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Shemeji alikuwa amelikalia sanduku lake ili lifunge, mumewe alipobisha hodi mlango wa nyuma. Alikuwa na miezi mitatu na siku nne tangu afariki. Alivaa suti ya kijivu waliyomzika nayo, na mkononi alishika kibegi cha safari.

"Nimepata nafasi," alisema.

"Umechelewa," Shemeji alimjibu, akamfungulia.

Huko aliko, alieleza huku akijifuta miguu kwenye tambara la mlangoni, walimpa ruhusa ya siku tisa bila hata kumjazisha fomu. Aliomba, wakamwambia haya, nenda. Shemeji alimsikiliza huku akivutana na zipu. Yeye likizo yake ya siku hizo hizo tisa alianza kuihangaikia wiki ya pili baada ya mazishi, na iliidhinishwa Ijumaa jioni na Mkuu wa Stesheni ambaye tayari alikuwa na mguu mmoja nje ya mlango.

Jina la Shemeji alilipewa kazini. Mumewe alitangulia kuajiriwa katika ofisi ya mizigo iliyopotea pale stesheni, na yeye alipoingia miaka miwili baadaye, wote waliomhesabu mumewe kuwa ndugu yao wakamwita shemeji, kuanzia wafagizi hadi Mkuu mwenyewe. Mume naye walimwita Nusu Saa, kwa kuwa kila aliposubiriwa mahali alisema apewe nusu saa tu. Kwa nusu saa zake hizo alikosa kuzaliwa kwa bintiye, alikosa harusi mbili za wadogo zake, na kwa miaka kumi na tisa mfululizo alikosa safari ya kituo cha mwisho.

Kituo cha mwisho kilikuwa juu milimani, reli inakoishia. Mizigo ya huko iliwafikia ofisini na baridi yake ndani. Ukifungua begi mchana wa jua kali, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Kila mwaka mume na mke walisema wataenda kuona baridi hiyo inatengenezwa wapi, na kila mwaka palitokea mzigo wa kushughulikiwa kwanza. Kisha moyo wa Nusu Saa ukasimama saa nane mchana, akiwa mbele ya rafu na mwavuli wa mtu asiyemjua mkononi. Shirika la reli liliandika barua ya rambirambi. Barua hiyo ilisema pia kwamba siku zake za likizo mia mbili na kumi na mbili ambazo hakuzitumia hazirithiwi, na kwamba nyumba ya shirika waliyoishi, kwa kuwa iliandikwa kwa jina lake, irudishwe miezi mitatu baada ya mazishi.

Shemeji hakubishana. Alifunga nyumba nzima kwenye maboksi, binti yao akamtengea chumba kwake mjini, na baada ya kupiga hesabu za kuhama akagundua kwamba katikati zinabaki siku tisa ambazo hakuna anayezidai. Hizo ndizo alizotaka kwenda nazo milimani. Alipomwona mumewe mlangoni alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha, maana tangu mwanzo safari hiyo haikuwa ya mtu mmoja.

Binti alifika saa moja kuchukua boksi la vyombo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekonda."

"Huko hatuli."

Binti alimmiminia chai hata hivyo, naye akakishika kikombe kwa viganja viwili ili apate joto. Wakiwa jikoni, binti alimnong'oneza mama yake, "Mama, nakuomba sana. Usimpitishe ofisini."

"Nakabidhi funguo za ofisi tu. Atanisubiri nje."

Binti alibeba boksi lake, akaenda.

Kwenye dirisha la tiketi, mkata tiketi alilazimika kufungua kitabu cha kanuni. Kitabu kilisema maiti husafiri kama mzigo, ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari. Maiti aliyesimama kwenye foleni na kibegi chake hakutajwa popote. Baada ya kufikiri, mkata tiketi alimkatia tiketi ya mstaafu na Shemeji ya kawaida, viti viwili vinavyopakana, kimoja dirishani. Alimpa Nusu Saa pole ya msiba, na Nusu Saa akamwambia asante, ndiyo hali ya dunia.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Treni ilikuwa ya saa nne.

Hapa inabidi kueleza habari ya rafu. Ofisi nyingine za aina hii hupanga mizigo kwa tarehe au kwa namba. Nusu Saa aliipanga kwa wasiwasi wa wenyewe. Rafu ya karibu na dirisha ilikuwa ya watu watakaokuja mbio siku hiyo hiyo, wamesahau hata kufunga vifungo: dawa za mgonjwa, kiatu kimoja cha mtoto, vyeti vya shule. Rafu ya kati ilikuwa ya watakaokuja baada ya kugombana kidogo nyumbani juu ya nani aliyepoteza. Ya nyuma kabisa, gizani, ilikuwa ya wasiokuja. Alikuwa akishika begi mkononi, akilipima kidogo, akijua. Katika miaka yote hiyo alikosea mara tatu, na mara zote tatu alikosa usingizi.

Shemeji alijifunza utaratibu huo kwa kukaa naye, lakini hakuna mwingine aliyeuweza. Ndiyo maana kila alipoomba likizo, Mkuu alimuuliza, "Sasa Shemeji, nani atajua kitu kipo wapi?" Mara ya tatu kuulizwa hivyo, Shemeji alinunua kalamu ya wino mzito. Kwa Jumapili sita alikuja peke yake, akaandika namba kwenye kila mzigo, kuanzia moja hadi mia sita na arobaini, akaupanga upya mmoja mmoja ili hata mtu aliyejua kuhesabu tu aweze kumshikia nafasi. Kwa njia hiyo Mkuu alikosa sababu. Msichana wa idara ya vifurushi aliazimwa kwa siku tisa, na asubuhi hiyo alikuwa ameshafika, amekaa dirishani na kitambaa chake cha kufutia vumbi.

"Mimi nasalimia tu," alisema Nusu Saa walipofika mlangoni. "Sivuki mlango."

Alisalimia. Wafagizi walimuuliza habari za huko, akasema nzuri, kumepoa. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la msichana, yakafika kwenye rafu, na hayakurudi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Shemeji.

"Hiki kiatu cha mtoto kimekaa na mwavuli wa mtu asiyekuja."

"Namba zao zimefuatana."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliweka kibegi chake chini taratibu, akakunja mikono ya koti la kuzikiwa, akavuka mlango.

"Nipe nusu saa," alisema.

Mkuu alitoka ofisini kwake na kikombe cha kahawa, akamwona, akampa mkono. "Afadhali umekuja," alisema. "Tumepungukiwa sana." Na kwa kuwa hakuona maana ya watu wawili kwenye dirisha moja, alimrudisha msichana kwenye vifurushi hapo hapo.

Shemeji alisimama na tiketi mbili mkononi. Funguo zilikuwa zimeshapokelewa, na aliyezipokea alikuwa mumewe. Nje treni ilipiga honi ya kwanza.

"Ya saa nne ndiyo pekee kwa leo," alimwambia.

"Tangulia wewe. Nakuja na ya kesho." Alisema hivyo akiwa amekumbatia begi namba mia moja na saba, akilipima.

Shemeji alimvuta mkono wa koti. Kitambaa kilipita katikati ya vidole vyake kama mvuke wa chai, na mkono wake ukabaki na ubaridi kidogo. Honi ya pili ikalia. Alibeba sanduku lake mwenyewe, na ngazi zote za jukwaa alizipanda akijisemea kwamba kesho si mbali.

Ndani ya treni kiti cha dirishani kilibaki kitupu. Mkaguzi alipouliza mwenye tiketi ya pili yuko wapi, Shemeji alimwambia yuko nyuma, anakuja. Mkaguzi aliitoboa na hiyo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoboa.

Kituo cha mwisho kilikuwa na nyumba moja ya wageni, mkabala na stesheni. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene aliyevaa sweta mbili, na shida yake kubwa ilikuwa mawingu. Yaliingia dirishani bila hodi, yakalala chini ya vitanda, na kila asubuhi aliyafagia hadi nje akinung'unika juu ya wageni wasiofunga madirisha. Shemeji alimwomba radhi na kumsaidia kushika ufagio. Mawingu yalikuwa mazito kuliko alivyodhania, hasa ya pembeni.

Siku ya pili aliteremka stesheni kupokea treni. Nusu Saa hakuwamo. Gadi wa treni alimkabidhi lebo ya mizigo yenye mwandiko anaoujua: *Zimebaki rafu mbili. Kesho.* Siku ya tatu lebo ilisema: *Leo wamekuja watu kumi na wawili. Mama wa kiatu amelia kwa furaha. Kesho bila shaka.* Siku ya nne: *Mkuu ameniomba nimsaidie na mizigo ya mwaka juzi. Hali ya hewa ikoje huko?* Siku ya tano iliandikwa neno moja tu.

Mwenye nyumba alianza kumwandalia meza ya mtu mmoja bila kuuliza, kwa adabu.

Siku ya sita Shemeji aliteremka na sanduku lake limefungwa. Treni ilikaa pale robo saa kabla ya kugeuza. Kama angepanda, angepata siku tatu za kukaa na mumewe, bega kwa bega, yeye akiandika lebo na mumewe akipima mabegi, kama ilivyokuwa siku zote. Hakuna aliyejua kama ruhusa nyingine ingetoka. Alitia mguu kwenye ngazi ya behewa. Hapo hasira ikampanda, hasira ya kweli, ya miaka kumi na tisa. Mtu amefufuka kwa ajili ya safari, akaishia kupanga mabegi ya watu. Na yeye sasa alikuwa tayari kumfuata huko huko. Alimpenda, na alikuwa amechoka naye, na yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Alishusha mguu. Gadi alimpa lebo ya siku hiyo, akaitia mfukoni bila kuisoma.

Mchana huo alifuata reli hadi mwisho wake. Hapakuwa na mengi: vyuma viwili, rundo la mawe, majani, na baada ya hapo bonde kubwa lililojaa ukungu. Baridi ilikuwa ikitengenezwa chini kule. Alisikia sauti yake, kama watu wengi wanaokunja shuka mpya. Alikaa juu ya mawe hadi jioni. Alilia vizuri, kwa nafasi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana msibani alikuwa na kazi ya kuhakikisha wageni wamepata viti. Alipomaliza aliona pazuri. Alirudi pale siku ya saba, ya nane na ya tisa, na hakuteremka tena kupokea treni. Lebo zilizobaki mwenye nyumba alimwekea kwenye sahani.

Alirudi kwa treni ya mizigo ya usiku, akaingia kazini asubuhi ya siku ya kumi. Nusu Saa alikuwa ameondoka jana yake jioni, saa kumi na mbili kamili. Wafagizi walisema hawajapata kumwona akiondoka kwa wakati; inaelekea huko hawana masihara. Rafu zilikuwa zimerudi zilivyokuwa, na zile namba zote amezifuta moja moja kwa kitambaa cha maji.

Mkuu alimwita ofisini, akamkaribisha kiti. Alikuwa na furaha. Alisema ameandika barua huko, na wamemjibu siku hiyo hiyo, watu wa ajabu kwa uharaka. Wamekubali kumruhusu marehemu siku tisa kila mwaka, aje kushika dirisha wakati Shemeji akiwa likizo.

"Kwa hiyo likizo yako sasa ni ya uhakika," alisema Mkuu. "Una bahati, Shemeji. Mimi mwenyewe tangu niajiriwe sijapata."

Shemeji alifikiri kidogo. "Haiwezekani tukapewa wote wawili kwa pamoja?"

"Wote wawili?" Mkuu aliuliza. Hakuwa mtu mbaya, na aliuliza kwa nia safi kabisa. "Sasa dirishani atabaki nani?"

Barua ilihitaji sahihi ya mjane. Shemeji aliisoma mara mbili, akachukua kalamu, akaishika bila kuandika.

"Tukiwa tunakabidhiana funguo," alisema, "kanuni inaruhusu muda gani?"

Mkuu alifungua kitabu, akafuata mstari kwa kidole.

"Dakika kumi," alisema.

Shemeji akatia sahihi, kisha akaenda kufungua dirisha, kwa kuwa foleni ilikuwa imeshafika nje.