Rangi Isiyochujuka

Mwezi mzima nilikuwa naota mchana kweupe. Naona mapaa ya Makindye, hapa Kampala, yameezekwa vioo vyekundu, na ndani taa zinawaka kwa nguvu za mchicha. Cheka ukitaka. Mchicha mwekundu naununua sokoni Kalerwe, nauchemsha, nachuja maji yake, kisha naloweka humo kioo kilichopakwa unga mweupe wa madini. Unga ukishanyonya ile rangi, jua likiipiga, unapata umeme. Kidogo, lakini umeme.

Shida ni kwamba jua hilohilo huiua rangi. Vioo vyangu vya kwanza vilichujuka upesi hadi nikaona aibu kuvitazama. Safari hii nikatia ndimu kwenye rangi, nikaziba kingo kwa gundi nyingine, nikakianika kioo uani kwetu Kyebando. Kila jioni nikitoka chuoni nakipima chini ya taa. Umeme wake haukushuka hata chembe. Wiki zikapita, nacho bado chekundu pyu, nami natembea kama niko juu ya mawingu.

Leo asubuhi nikampigia Daktari Omolo, msimamizi wangu, nikajigamba bila haya. Akasema kesho niwaonyeshe wenzake, na nafasi ya kuendelea na utafiti ni yangu.

Sikungoja jioni, nimerudi mchana. Uani hapana kioo. Nikaingia barazani mbio, nikakikuta kando ya mama mkwe wangu, Mama Adoch, mjane wa mwanajeshi, kimelazwa kivulini juu ya kitambaa chake cha kanisani.

"Mama, nani ametoa hii juani?"

"Ni mimi, Moreen. Kila siku jua ikipanda natoa, jioni narudisha. Nguo ya rangi si tunaanika kwa kivuli? Jua inakula rangi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulileta. Ile ingine ilikufa, ukalia. Mimi nilisikia."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nilitaka kupiga kelele, lakini huwezi kumpigia kelele mtu aliyekusikia ukilia. Nikakaa sakafuni. Nikawaza kwamba ningeweza kunyamaza tu, kesho nikapigiwa makofi. Ni sisi wawili tu tuliojua.

Nikapiga simu.

"Daktari, usiwaite watu. Kioo changu hakijawahi kuona jua la mchana."

Akajibu, "Basi nafasi itakwenda kwa mwenzako Khaemba. Pole, Moreen."

Niliumia, sitaficha. Nikakibeba kioo, nikakirudisha uani, jua la mchana likiwa bado kali.

"Itaharibika!" Mama Adoch alinifuata na kigoda chake.

"Labda, mama. Nataka nijue."

Hakuelewa, ila hakubisha. Akaketi karibu nami, akatazama chini, kisha akakisogeza kigoda nyuma kidogo, kivuli chake kisikiguse kioo.