Mkasi Ukilala Mezani

Mimi ni fundi cherehani, na subira sikuzaliwa nayo. Binti yangu alipoleta kijibwa dukani, nikajua tutagombana. Tukamwita Kiraka kwa ile alama nyeusi jichoni. Akiona kitambaa kinaning'inia, basi, hana simile! Wiki ya kwanza tu akatafuna mkono wa shati la watu. Mume wangu akakata shauri: "Akirarua nguo nyingine ya mteja, anarudi alikotoka." Mtoto alilia mpaka kwikwi. Nami nisifiche, nilishampenda huyo mshenzi.

Tukaanza mafunzo. Naweka kipande cha nyama sakafuni, nakifunika kwa kiganja. Akikwaruza, hapati. Akitulia akakaa, namsifu, namwambia "Chukua!", namlisha. Nikifoka, binti yangu ananikemea: "Mama, ukigomba anaona si mchezo tena." Haya, nikameza hasira. Kila siku dakika chache, tukicheka, mpaka tukafika kwenye vitambaa: naburuta kitambaa, yeye amekaa anatetemeka, mkia unafagia sakafu.

Kosa lilikuwa langu. Mkono wangu hauachi mkasi, kwa hiyo kabla ya kumpa nyama nauweka kwanza mezani, ko! Asubuhi moja nikauweka ninywe chai, Kiraka huyoo, kalirukia tambara la deki. Kumbe maneno yangu hakuyasikia hata moja! Kwake yeye, mkasi ukilia mezani, ruksa.

Mchana huohuo bibi harusi akaja kuchukua gauni. Mume wangu akalitoa kwenye hanga, likamponyoka, likaanguka mbele ya pua ya Kiraka. Hariri tupu! Na mimi mkasi mkononi.

"Weka huo mkasi uje unisaidie!" mume wangu akapiga kelele.

"Siweki!"

"Mama watoto, una wazimu?"

"Siweki ng'o! Okota mwenyewe!"

Kiraka akalitazama gauni, akanitazama mimi, udenda unamtoka. Roho ilikuwa mkononi. Akakaa. Mume wangu akainama taratibu, akalizoa gauni lote, akampa bibi harusi, naye akaondoka nalo bila hata uzi kuchomoka.

Nikashusha pumzi. Nikaweka mkasi.

Ko!

Kiraka akaruka, akaning'inia kwenye suruali ya mume wangu. Kraa! Ikachanika mpaka gotini. Binti yangu akamkumbatia Kiraka, machozi tayari yanamlenga.

Mume wangu akaitazama suruali, akamtazama mtoto.

"Nilisema nguo ya mteja," akasema, akaenda kutafuta nyama.