Kitabu Kisichokatwa

Mume wangu ana vitabu vya kujaza chumba kizima na hajasoma hata kimoja. Simsingizii, mwenyewe hujisifia hivyo mbele za watu. Anakusanya matoleo ya kwanza: vitabu vya wale walioanza kuichunguza jamii kama daktari anavyomchunguza mgonjwa, na vya wanafalsafa waliosema binadamu amtendee mwenzake wema bila kungoja malipo ya mbinguni. Maneno mazuri kabisa. Mimi nimeyapata kwa wageni, maana kwetu vitabu havifunguliwi.

Kipenzi chake kilikuwa kimoja chembamba, cha rangi ya majivu. Zamani mchapaji alikunja karatasi kubwa, akaishona, akamwachia mnunuzi kazi ya kuzikata kwa kisu kurasa zilizobaki zimeshikana. Hiki hakikuwahi kukatwa. Kwa mtu mwenye akili timamu, maana yake ni kwamba tangu kichapwe hakuna aliyejali kukisoma. Kwa mume wangu na wenzake, hiyo ndiyo heshima yake yote. Isitoshe, kimeandikwa kwa lugha ambayo mume wangu hawezi hata kuombea maji ya kunywa.

Vitabu vilikaa chumba cha chini, chenye choo chake ndani. Viliwekewa mapazia mazito na mashine ya kukausha hewa iliyonguruma mchana kutwa. Mama yangu, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, alilala sebuleni, nyuma ya shuka niliyoitundika kwenye kamba. Ngazi hawezi.

"Baba watoto, vitabu vipande juu, mama apate chumba," nilimwambia.

"Juu kuna joto, mke wangu. Vitaharibika."

"Na mama je?"

"Mama tutamfanyia utaratibu."

Utaratibu ukawa ndoo. Mama anamwonea haya mkwewe, kwa hiyo alikuwa anajibana mpaka mwanamume atoke nyumbani. Kisha akaanza kukataa chai. Akakataa na maji, eti hana kiu. Daktari akanivuta pembeni akaniambia figo zinalegea, na asipokunywa tutampoteza. Nilimweleza mume wangu. Akasikitika sana, akaenda kuvipangusa vitabu vumbi.

Jumamosi chama chao cha wakusanya vitabu kikaja: wakili, mfamasia, mhadhiri mstaafu, na Mwenyekiti, ambaye sijawahi kujua anafanya kazi gani zaidi ya kuwa mwenyekiti. Wakakaa mezani sebuleni, wakavaa glavu nyeupe, wakaanza kupokezana kile cha majivu. Walikinusa. Wakasifu uzi wake. Mfamasia alikipapasa mgongo kwa kidole kimoja, macho kayafumba. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu.

Mama akaita, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Mwanangu..."

Sikumsikia mara ya kwanza. Wao walimsikia, shuka iko hatua chache tu kutoka mezani. Mume wangu akakohoa, akapandisha sauti. Mwenyekiti akaendelea kueleza jinsi mwandishi alivyouweka utu mbele ya yote. Nilipofika, kitanda kimelowa na mama amejifunika uso kwa mkono wake mzima.

Nilimsafisha, nikambadilisha nguo. Kisha nikarudi jikoni, nikakifuta kisu, nikaenda mezani, nikakichukua kitabu mikononi mwa wakili na kukata. Kurasa za kwanza. Zikafuata nyingine. Karatasi ilikuwa laini, ilikatika bila kelele.

Wote wakasimama kwa mpigo. Kiti cha mhadhiri kikaanguka.

"Shemeji!" akapiga ukelele mfamasia.

"Mmesimama," nikasema. "Kumbe mna miguu."

Mume wangu alikuwa mweupe kama glavu zake. "Umekiua," akanong'ona.

"Nimekifungua. Kile cha kijani kule chumbani nacho hakijakatwa, au nakosea? Vitabu vinapanda juu sasa hivi, baba watoto. Vikichelewa, nachukua cha kijani."

Mume wangu alikaa kwenye ngazi, kitabu kifuani, akalia kweli kweli. Wenzake ndio waliohamisha, wakipita pembeni yake na mikono imejaa, "samahani, ndugu, samahani." Wapole ajabu. Chumba kilipokuwa kitupu nikawaambia bado kitanda, na bado mama. Hawakunibishia, kisu kilikuwa bado mkononi.

Wakambeba wanne, na glavu zao. Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Hawa ni madaktari?"

"Ndiyo, mama. Wa jamii."

"Mungu awabariki, wanangu, awazidishie."

"Amina," akajibu Mwenyekiti, kisha akakumbuka yeye hangoji malipo ya mbinguni, akajikohoza.

Wakaondoka bila chai, na sikuwabembeleza. Nilimsaidia mama kuingia chooni, akaniambia nitoke nifunge mlango. Nikafunga. Nikasimama nje, nikasikia maji ya bomba yakimwagika, na nikamsikia akicheka peke yake, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

Nilipomrudisha kitandani akaushika mkono wangu.

"Niletee maji, mwanangu," akasema. "Lete jagi zima."