Miaka Saba ya Spana

Haya, nikutegee, nawe usinikodolee macho: kadiri ninavyozeeka, ndivyo mkono wa kodi unavyofupika. Mimi nani? Umekwama? Mji wako siutaki, jibu nakupa bure: miaka ya kazi.

Mke wa fundi aliyepewa jina la Spana alilijua jibu hilo kama jina lake. Kiwanda cha nyuzi kilipotangaza kupunguza watu, mafundi walielezana: kila mwaka kamili uliotumikia unakinga kipande cha malipo yako ya kuachishwa kazi kisikatwe kodi. Na mumewe alikuwa na miaka thelathini na mmoja akitengeneza mashine za pale. Mama alishapiga hesabu zake: kodi haitaambulia hata ukucha, mashine ya kuchomelea itanunuliwa, na baba watoto atafungua karakana yake uani.

Sasa, ofisini, karani wa kiwanda akawasukumia karatasi. Miaka ishirini na minne.

"Mwanangu, hapa kalamu imeruka," mama akasema. "Saba mmeipeleka wapi?"

"Haijaruka, mama. Mzee aliacha kazi, akachukua mafao yake yote, akarudi baada ya miezi miwili. Hesabu ilianza upya siku aliyorudi. Ile saba haikingi kitu tena."

"Huyu? Aache kazi? Huyu hata akiugua huenda kukoholea kiwandani!"

Karani akacheka, akaona anacheka peke yake. Akafunua faili. Barua ya kuacha kazi ilikuwamo, na mwandiko ni ule ule wa Spana, unaolalia kushoto kama mlevi. Halafu akaonyesha kodi itakavyokata. Mashine ya kuchomelea ikayeyuka pale pale mezani.

Mama akaisoma tarehe ya barua, akairudia. Wiki ile yeye alikuwa kitandani hospitali, amepasuliwa, na kitinda mimba wao yumo kwenye mashine ya joto, mdogo kama kiganja. Alipotoka, miezi miwili baadaye, aliuliza pesa za bili zilitoka wapi. Ameuliza miaka yote hii, na Spana hujibu, "Niliziokota," kisha hutoka kwenda kupangusa spana ambazo hazina hata vumbi.

"Baba," akasema polepole, kidole kikiwa bado juu ya tarehe, "zile pesa za hospitali ulizitoa wapi?"

Spana akatazama mlango. Safari hii hakuinuka.

"Ndiyo hiyo miaka saba, mama. Niliiuza."