Jicho la Kushoto la Wanzagi

Barazani kwa Recho, fundi cherehani wa Iringo mjini Musoma, watu walikuwa wanapigana tangu saa mbili asubuhi, kwa midomo tu. Gasper, fundi simu mzaliwa wa Bunda, alikuwa amesimama katikati, ngumi zimekunjwa mbele ya uso, akionyesha jinsi bondia wao Mihayo atakavyomlaza Wanzagi wa Butiama. Burito, dereva wa bodaboda kutoka Butiama aliyemwoa dada yake Gasper, alimtazama kama mtu anayemtazama kuku akijaribu kuogelea.

"Mihayo ana mkono mrefu, shemeji," Gasper alisema. "Huyo wako atamfikiaje? Akisogea, ngumi. Akisogea tena, ngumi. Raundi ya sita pumzi imekata, anaomba maji."

"Mkono mrefu wa kuchumia mapapai," Burito akajibu. "Wanzagi hapiganagi na mikono ya mtu. Yeye anatafutaga mbavu. Akikuweka moja hapa chini ya ini, wewe mwenyewe unatafuta pa kukaa."

Pambano lilikuwa la uzito wa welta, raundi kumi, na lilikuwa limebakiza wiki mbili. Butiama walikuwa wamekodi mabasi mawili. Bunda waliposikia hivyo wakakodi matatu.

"Dada Recho, hebu amua wewe," Gasper alisema.

Recho hakuinua kichwa kwenye cherehani. Alikuwa mama wa miaka arobaini na nane, mpole, lakini katika mambo ya masumbwi hakuna aliyempinga hovyo. Baba yake, mzee Masatu, aliwahi kuwa bondia, naye ndiye aliyemfundisha kuangalia miguu ya mtu kabla ya mikono yake.

"Mihayo ana akili, Wanzagi ana moyo," alisema. "Mimi ni wa Wanzagi. Bondia akiwa na moyo, akili anaweza kuazimwa na mwalimu wake."

Burito alipiga makofi mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia.

Mchana wa siku hiyohiyo Wanzagi mwenyewe alifika kupimwa bukta ya kupigania. Kijana wa miaka ishirini na sita, mabega mapana, sauti ya chini. Burito alimfutia benchi kwa mkono wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapa."

Recho akampima kiuno, akampima paja. Akachukua kipande cha kitambaa cha bluu, akamnyooshea kutoka upande wa kushoto ili aione rangi. Wanzagi hakukipokea. Aliendelea kutazama mbele, kama mtu ambaye hajapewa kitu. Recho akakitikisa kidogo. Hakuna. Ndipo Wanzagi akageuza kichwa chote, akashtuka, akakichukua huku akicheka. "Samahani, mama. Nilikuwa mbali."

Recho naye akacheka, ila tepu aliiweka chini. Alikuwa anaijua ile namna ya kugeuza kichwa chote. Baba yake alikuwaga nayo. Mzee Masatu aliumia jicho moja ulingoni, akalificha, akapigana mapambano manne zaidi, na jicho la pili likalifuata la kwanza. Recho alikuwa darasa la tano alipoanza kumshika mkono kumpeleka kanisani Kigera kila Jumapili, akimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna ngazi. Alimshika hivyo kwa miaka kumi na minane.

Wanzagi alipoondoka, Burito akasema, "Mmeona kile kifua? Dada Recho, sema tena mbele ya huyu shemeji. Nani anashinda?"

"Mihayo," Recho alisema.

Burito alidhani hakusikia vizuri. Alipoona mama hatanii, akachukua kofia yake ngumu, akaondoka bila kuaga.

Kwa siku tatu Recho alishona bukta ile akiibomoa na kuishona tena. Angemwambia nani? Akimwambia Gasper, Bunda nzima ingejua kabla ya jua kuzama, na Mihayo angejua pa kupiga. Akimwambia Burito, asingeamini. Jumapili baada ya misa alikunja bukta kwenye mfuko, akapanda gari mpaka Makutano, akamalizia kwa pikipiki hadi Butiama.

Alimkuta Wanzagi uani, anafunga kamba ya ndama. Mkewe Rhobi alimletea mgeni kiti, akarudi jikoni kusonga ugali. Recho hakuzunguka mbuyu.

"Hilo jicho la kushoto limeacha kuona tangu lini?"

"Jicho gani, mama? Mimi ni mzima. Nimepimwa."

Recho akanyanyua mkono upande wa kushoto wa uso wa Wanzagi. "Nimeonyesha vidole vingapi?"

Ndama alivuta kamba, ikamponyoka Wanzagi, na wala hakumfuata.

"Mwezi wa tatu sasa," alisema mwishowe. "Tulikuwa mazoezini, nikapigwa moja ya kawaida tu. Ikawa kama pazia jeusi linashuka taratibu. Kwenye kupimwa, mwenzangu alitangulia kusoma zile herufi ukutani. Nikazishika zote kichwani."

"Na mwalimu wako?"

"Hajui. Hakuna anayejua." Akapunguza sauti. "Mama, nitawaambia nini watu? Wamepiga fulana zina jina langu. Padri ametutangaza kanisani. Mimi nilikuwa mtu wa kuchunga tu hapa, hakuna aliyenijua. Ukisema, umeniua."

"Sitasema. Sikuja kwa ajili hiyo." Recho akamsimulia habari za mzee Masatu, pole pole, bila kuzipamba. Akamweleza jinsi mzee alivyokuwa akiwatambua wajukuu zake kwa kuwapapasa masikio. "Waliompigia makofi walikuwa wengi, Wanzagi. Wa kumshika mkono nilikuwa mimi peke yangu."

Mwiko ulianguka jikoni. Rhobi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga.

"Ndiyo maana unamwagaga uji wa mtoto," alisema. "Mimi nikasema huyu mwanaume ana mawazo ya pambano. Kumbe hauoni bakuli!"

Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kizingitini, akajifunika kanga usoni, akalia. Wanzagi akapokea bukta kutoka kwa Recho, akaiweka magotini.

Siku ya kupima uzito, ukumbi ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Recho alisimama nyuma, karibu na Gasper. Burito alikuwa mbele kabisa na filimbi yake. Mihayo alipanda mizani, ikakubali. Wanzagi akapanda, kilo sitini na sita na ushee, ikakubali. Watu wa Butiama wakapiga vigelegele. Wakati wa mabondia kutazamana uso kwa uso, Wanzagi akaomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu, jicho langu la kushoto halioni. Nilimdanganya daktari, nikamdanganya mwalimu wangu. Sitapigana. Naombeni radhi."

Ukumbi ukalipuka. "Mwoga huyo!" Gasper alipiga kelele, na hakuwa peke yake. Chupa ya maji ilirushwa. Burito alisimama kinywa wazi, filimbi inaning'inia.

Mihayo ndiye aliyewanyamazisha. Alimsogelea Wanzagi, akakunja ngumi, akaipeleka taratibu upande wa kushoto wa uso wa mwenzake, karibu kabisa na sikio, mpaka wale wa mbele wakabana pumzi. Wanzagi hakupepesa jicho, hakukwepa. Alikuwa anatazama mbele tu. Mihayo akaifungua ile ngumi, akamshika kichwa, akamkumbatia. Wengine waliona machozi kwenye uso wa Mihayo. Gasper alitazama miguu yake mwenyewe.

Pambano lilifanyika na bondia mwingine aliyeletwa haraka kutoka Mwanza, na Mihayo akashinda kwa pointi bila mtu kukumbuka raundi hata moja. Wanzagi akapelekwa kwa daktari wa macho. Aliambiwa kwamba ngozi ya ndani ya jicho imebanduka, na kwamba la kulia nalo lilikuwa limeanza kuchanika; makonde machache tu yangetosha kulimaliza. La kulia likawahiwa, likapona. La kushoto likarudisha mwanga na vivuli tu. Kupigana, basi tena.

Rhobi, kwa furaha yake, akawaeleza majirani ni nani aliyewaokoa. Habari ikamfikia Burito, na Burito akaacha kabisa kupita barazani. Wiki sita. Gasper alikuwa anakuja peke yake, anakaa, anakosa wa kubishana naye, anaondoka. Recho aliendelea kushona. Hakujuta, lakini benchi lile tupu lilimuuma.

Halafu siku moja mchana, pikipiki ya Burito ikasimama mbele ya baraza, na nyuma yake kakaa Wanzagi. Burito alikuwa anatweta.

"Dada Recho, nisamehe," alisema hata kabla ya salamu. "Nimemtoa stendi sasa hivi, anatoka kliniki. Ameshuka kwenye gari, lori linakuja kushotoni kwake, na yeye anatembea tu kama mtu yuko shambani. Nimemvuta kwa shati. Kumbe ni kweli. Mimi muda wote nilikuwa nasema watu wa Bunda wamewahonga nyie wawili."

"Kaeni," Recho alisema. "Chai ipo."

Wakakaa. Gasper akaja mbio kutoka kibandani kwake, akampa Wanzagi mkono, akamwomba radhi kwa lile neno la ukumbini. Wanzagi akasema limeshapita. Wakanywa chai, mpaka Gasper akashindwa kuvumilia.

"Lakini tuulizane kwa nia njema tu. Kama macho yangekuwa mazima yote, nani angeshinda?"

Wanzagi akafikiri, akatabasamu. "Mihayo. Ule mkono wake ni mgumu sana kuupita."

Burito aliweka kikombe chini kwa nguvu.

"Wewe Wanzagi, usituharibie!" alisema. "Wewe unajua nini kuhusu ngumi?"